Baraza Lililobeba Viti Vyake

“Raia wa Zoni ya Kamuti, wake kwa waume, wenye kadi ya Chama na watakaoipata kesho: kuanzia leo mamlaka yamerudishwa mikononi mwenu. Njooni myachukue saa za kazi.”

Hayo ndiyo maneno yaliyosomwa kwenye kipaza sauti siku Mageuzi yalipofika kwetu, na aliyeyaandika ni mimi. Naitwa Citoyen Mutale, yaani Raia Mutale, Katibu wa Zoni, mwenye suti mbili za abakosti na muhuri mmoja. Najitambulisha mapema kwa sababu hapa Lubumbashi kuna watu wanaosimulia habari za kifo cha Komisere wetu huku wakicheka, nami sipendi. Serikali si kichekesho. Kila jambo lililotokea Kamuti lilifuata utaratibu, na anayebisha aje ofisini apange mstari kama wenzake.

Basi, Mageuzi. Zamani Komisere wa Zoni aliamua kila kitu peke yake, na kazi hiyo ilimchosha sana, maskini. Mageuzi yakasema raia wachague washauri, washauri waketi katika Baraza, Baraza liamue, Komisere atekeleze. Wakubwa wote walipiga makofi. Komisere wetu, Citoyen Kasonde, alipiga kuliko wote, mpaka saa yake ikafunguka mkononi ikaanguka. Makofi yalipokwisha aliniita chumbani kwake akafunga mlango.

“Mutale, ulisoma ile sheria muzuri? Inasema Baraza inatimia wakati gani?”

“Wakati bashauri bote bamekaa, Citoyen Komisere.”

“Bamekaa juu ya nini?”

“Juu ya biti.”

“Na biti iko wapi?”

Nikamwambia hatuna. Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani na mwenyewe hayupo. Akasema viti viagizwe haraka, vya heshima, kutoka Kinshasa.

Najua utaniuliza kwa nini Kinshasa, wakati maseremala wa Lubumbashi wamejaa kando ya barabara wakipigana na usingizi. Jibu ni rahisi. Mbao za Lubumbashi zilikuwa hazijapitishwa na Kamati ya Samani, na Kamati ya Samani haikuweza kukutana kwa kuwa haikuwa na viti. Basi viti vyetu vingepanda meli, vipande mto mpaka Ilebo, vishuke, vingoje treni, na treni nayo ingoje mafuta. Njia hiyo inaitwa njia ya taifa. Mtu mwenye haraka na aende zake akaishi nchi nyingine.

Tukivisubiri, washauri walifanya kazi wakiwa wamesimama kwenye korido. Nilitakiwa kuandika ripoti ya mazingira yao ya kazi, nikaandika ukweli mtupu: mazingira ni bora, washauri wanapata hewa, damu inatembea miguuni, hakuna hata mmoja aliyeonekana akisinzia, na kila kartie, yaani kila mtaa, inawakilishwa na mtu aliyesimama imara. Ripoti hiyo ilisifiwa. Ila ni kweli kwamba jambo likisemwa wima linabaki mazungumzo tu, haliwi uamuzi. Mwaka ukapita, mazungumzo yakawa mengi na uamuzi hakuna.

Aliyesumbua kuliko wote ni Mama Chileshe. Anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, na sauti yake inavuka reli hata treni ikipita. Alichaguliwa na kartie inayoitwa Nyuma ya Reli, na ahadi yake kwa waliomchagua ilikuwa moja: robine, mfereji wa kuchotea maji. Bomba kubwa linapita chini ya kartie ile, chini ya miguu yao kabisa, likienda zake mtaa wa Golf, kwenye majumba ya wakubwa. Wakati wa kiangazi ukilala chini ukatega sikio, unayasikia maji yakipita kwenda kwa wengine. Wenyewe walichota kwenye shimo kando ya reli, maji ya rangi ya chai, na watoto wao walihara mpaka macho yakaingia ndani. Kulitoboa bomba ni kazi ya asubuhi moja. Kilichotakiwa ni uamuzi wa Baraza.

Lakini Komisere naye alikuwa na shida yake, na wanaocheka hawaisemi. Makazi yake rasmi yalikuwa Golf, nje kidogo ya Zoni yake, kwa sababu za kikazi. Pale bustani ilimwagiliwa asubuhi na jioni. Aliniambia kwa uchungu, “Mutale, bakitoboa kule, manyasi yangu itakunywa nini? Manyasi hapana kadi ya kura. Lazima muntu ayasemee.” Mimi niliguswa.

Mama Chileshe hakuguswa. Kila alipopita koridoni alinisimamisha.

“Citoyen Katibu, biti inafika lini?”

“Biko mu njia, Mama.”

“Njia gani?”

“Njia ya taifa.”

“Mutoto wa Brigitte anahara tena juu ya ile mayi. Ye naye angojee njia ya taifa?”

Nilimweleza kwa adabu kwamba kuhara hakuwezi kuingia kwenye ajenda mpaka Baraza likae. Akaenda kuuza munkoyo wake.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, Komisere aliitwa misioni, yaani safari ya kikazi, Kinshasa, kwenye semineri juu ya kuyasogeza mamlaka karibu na raia. Ndivyo ilivyotangazwa. Ukweli tuliujua watu wawili, yeye na mimi. Alikuwa na shamba la mahindi Lukafu, mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, na mahindi hayajui semineri. Alichukua Landrova ya Zoni, akafunga ofisi kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Hata mke wake aliambiwa kwamba mume anapanda ndege.

Kabla ya kuwasha gari aliniita dirishani. “Muntu akiuliza, niko Kinshasa. Akiuliza sana, weye hauna habari rasmi.”

Kesho yake Mama Chileshe akakuta kufuli. Alikuwa na Papa Mukuka, mshauri mwenzake, mzee aliyestaafu migodini na ambaye mwaka mzima wa kusimama ulikuwa umemvimbisha magoti. Wakaniuliza, ofisi ikifungwa Baraza linakaa wapi. Nikawasomea sheria: linakaa penye bendera ya Zoni.

“Na bendera iko wapi?” akauliza Papa Mukuka.

“Golf, kwa Komisere. Ilihamishwa kwa usalama wake.”

Nilisema hivyo nimetulia kabisa, kwa maana kutoka Nyuma ya Reli mpaka Golf ni mwendo, na viti vilikuwa bado mtoni. Mama Chileshe akashika kiuno.

“Ba Mutale, mu hii Lubumbashi yetu, ulishaona kilio yenye kukosa biti?”

Nikasema hapana, na hiyo ni kweli. Mtu akifa kwetu, viti vinatoka vyenyewe majumbani. Jirani wa kulia analeta vyake, wa kushoto analeta vyake, hata yule mliyegombana juu ya kuku wake analeta, na kila kiti kimeandikwa jina la mwenyewe chini kwa rangi ili kisipotee.

“Masikini wa mwisho akikufwa, analiliwa na bantu benye kukaa,” akasema. “Siye tuko bazima. Tutashindwa?”

Asubuhi iliyofuata niliwahi Golf ili kushuhudia kushindwa kwao. Nikawaona wanakuja. Washauri wote wa Kamuti, kwa mstari mmoja, viti vichwani. Viti vya formika, vigoda, benchi la kanisani, fotei moja kubwa ya mito ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani. Papa Mukuka alibeba kiti chake kwa mgongo. Nyuma yao wanawake wa Nyuma ya Reli, mikeka kwapani, kwa kuwa sheria inaruhusu raia kuhudhuria. Mlinzi wa lango, ambaye sisi tunamwita zamu, mzee Donat, alifungua bila kuuliza. Nani anamfungia mlango mtu aliyebeba kiti?

Basi wakakaa ndani ya lupango, yaani ua wa Komisere, chini ya bendera. Wanaume upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, maana ndivyo watu wanavyokaa. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mbabula moja ya makaa isingetosha watu wote wale, waliburuta gogo wakaliwasha katikati. Papa Mukuka akavunja matawi, akayalaza barabarani kwenye kona, ili raia wanaofuata nyuma, wasioijua Golf, wasipotee. Baadaye alipoulizwa kwa nini matawi, wakati Lubumbashi nzima inajua matawi barabarani maana yake nini, alijibu kwamba katika maisha yake hajamwona mtu aliyepotea njia ya kwenda kilioni.

Kikao kilifunguliwa kwa wimbo wa Chama, kama inavyotakiwa. Ni wimbo wa kuchangamka. Lakini kwa baridi ile, na kutembea kule kote, uliwatoka polepole, kwa sauti nzito, vichwa vimeinama motoni. Jirani mmoja wa Golf alizima redio yake kwa heshima.

Hapo ndipo aliporudi mke wa Komisere. Ni Mama Annie, ambaye kwenye karatasi ni Citoyenne Mwansa, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamestaafishwa na Serikali. Alikuwa ametoka Makomeno, kwa dada yake, kusuka nywele. Kwenye kona akayaona matawi. Akaharakisha. Langoni akaona viti vya kila rangi, gogo linawaka, wanaume wameshika tama, wanawake chini, na mimi Katibu nimesimama mikono nyuma. Na mume wake alikuwa amepanda ndege.

Mfuko ukaanguka. Mikono ikaenda kichwani. “Kasonde wangu ee, unaniacha na nani?”

Sasa, mgeni asiyetujua atasema: si wangemwambia tu kwamba ni kikao. Mgeni huyo hakulelewa. Kwetu, mbele ya mtu anayelia hauulizi nani amekufa. Unalia kwanza, unauliza baadaye. Kuuliza kwanza ni kusema machozi yako yana masharti. Wanawake wa Nyuma ya Reli, watu wa adabu, wakalipuka kwa kilio kabla Mama Annie hajafika kwenye mkeka. Washauri wakatazamana, wakafikiri: mke amepata habari. Mama Annie naye alifikiri: habari imeletwa na washauri. Kila upande ukalia kwa kutegemea habari ya upande wa pili, na kwa njia hiyo habari ikathibitishwa.

Mimi ningeweza kuisimamisha kwa sentensi moja. Ningesema, yuko Lukafu anavuna mahindi. Lakini hiyo ilikuwa siri ya kazi, na Katibu anayetoa siri kwa sababu ya machozi hafai hata kulinda mbuzi. Mama Annie akanishika kola ya abakosti.

“Mutale, sema. Ndeke ilianguka?”

“Sina habari rasmi, Citoyenne.”

Akaanguka mara ya pili. Wakamwinua.

“Basi eko wapi? Niambie fasi eko.”

“Yuko njiani,” nikasema, na katika yote yaliyosemwa siku ile hilo ndilo lilikuwa la kweli kuliko mengine. Mama Chileshe aliposikia maiti iko njiani, alifungua kitambaa chake cha kichwa akajifunga kiunoni. Zamu Donat akaenda kuishusha bendera mpaka katikati ya mlingoti, akafunga kamba vizuri.

Baada ya hapo mambo yalijiendesha. Wake za wakubwa wa Golf walileta chai na mikate. Mmoja akapiga simu. Simu ikafika kwa Mamlaka ya Juu, mkubwa ambaye Komisere wetu alikuwa chini yake, nami sitaji cheo chake kwa sababu ninaye bado juu yangu. Mamlaka ya Juu si mtu wa kuamini uvumi. Aliuliza Kinshasa, kwenye semineri yenyewe. Semineri ikajibu kwamba Citoyen Kasonde hayupo, hajaonekana, na kitanda chake hakijalaliwa. Shaka ikaisha. Siku hiyohiyo telegramu ya rambirambi ikatoka Kinshasa, na Kinshasa ikishalia, ndugu yangu, mtu amekufa.

Mama Chileshe alitaka kikao kifungwe kwa heshima ya marehemu. Papa Mukuka akakataa. “Ile biti ilitoka mbali. Na magoti yangu inapumuzika mara ya kwanza tangu kura. Tutangojea maiti, na Baraza ingojee pamoja na siye.” Kwa hiyo kikao hakikufungwa. Na unajua wanaume wakikaa kilioni hawanyamazi. Kati ya chozi na chozi, huku munkoyo ukizunguka, Baraza la Kamuti liliamua mambo yaliyokuwa yamesimama mwaka mzima. La kwanza lilikuwa robine ya Nyuma ya Reli. Wote waliketi, wote walikubali. Ilibaki sahihi ya Komisere tu, na Komisere alikuwa amekufa.

“Mukubwa wake mwenyewe atakuya kulia,” akasema Mama Chileshe. “Tutamungojea.”

Siku ya tatu ya kilio Mamlaka ya Juu alikuja na magari, na walinzi, na shemeji yake mmoja ambaye kwa bahati tu alikuwa amevaa abakosti mpya. Alipewa fotei ya nailoni. Akasimama kutoa hotuba, na sijapata kusikia hotuba kama ile.

“Citoyen Kasonde,” alisema, “amekufa kama alivyoishi. Amekufa akiwa misioni. Hakupenda makuu. Hakujua shamba wala biashara, alijua raia tu. Leo raia wake wamekuja wenyewe, na viti vyao, bila kusukumwa. Mimi nikifa, natamani nipate Baraza kama hili.”

Watu walilia. Mimi pia nililia, kwa sababu nilikuwa najua mengi.

Hapo Mama Chileshe akainuka kwenye mkeka. Kwetu, mkubwa akija kilioni na wenye kilio wakamwomba kitu mbele ya moto, hawezi kukataa. Akikataa, watu watasema amekuja kuhesabu, hakuja kulia. Mama Chileshe alilijua hilo. Mamlaka ya Juu pia alilijua, nikamwona anatazama lango.

“Mukubwa,” akasema Mama Chileshe, “marehemu alitupenda mingi. Kila mara tulimuomba mayi, alijibu, ngojeni. Miye nazani alitaka akuye yeye mwenyewe, na mukono yake, atufungulie. Leo ule mukono haitafungua tena.” Akajifuta macho. Moshi wa gogo ulikuwa unaelekea upande wake, basi siwezi kushuhudia zaidi. “Tunaomba robine, Mukubwa. Ikuwe na jina yake. Batoto bakunywe, baseme, uyu njo baba yetu.”

Wanawake wakapandisha kilio juu. Mamlaka ya Juu akasema robine itatobolewa kesho, na itaitwa Robine ya Citoyen Kasonde. Akasema pia kwamba Zoni haiwezi kubaki yatima, akamsimamisha shemeji yake, akamtangaza Komisere mpya. Shemeji alishangaa kwa utaratibu.

Wakati huo Landrova ya Zoni ikaingia kwenye kona.

Mahindi ya Lukafu yalikuwa yamejaa mpaka gari limeinama nyuma. Mbuzi walifungwa juu ya mifuko iliyoandikwa LUKAFU, kuku walining'inia pembeni, na vumbi jekundu lilifunika kila kitu. Citoyen Kasonde aliyaona matawi. Aliviona viti, moto, bendera katikati ya mlingoti, lango lake wazi. Lazima niseme alilelewa vizuri. Alisimamisha gari nje, akashuka, akaweka mikono kichwani, akaingia analia. “Nani tena, maye, nani tena ananikimbia?” Akapita kati ya watu walioinamisha vichwa, akapata kigoda karibu na moto, akakaa, akalia kwa sauti kuliko wafiwa wote. Hakuna aliyemtazama. Nani anamchungulia mtu mwenye uchungu?

Alipolia kiasi cha adabu, akamwinamia zamu Donat. “Donat, alikufwa nani?”

Donat ni mtu mkweli. “Ni weye, Citoyen Komisere.”

Kasonde aliendelea kulia kidogo, kwa kuwa machozi yakishaanza hayajui kusimama ghafla. Halafu akanyamaza. Halafu wote wakainua vichwa.

“Wewe ni nani?” akauliza Mamlaka ya Juu.

“Ni miye, Mukubwa. Kasonde.”

“Kasonde alikuwa Kinshasa.”

“Njo kule natoka.”

Watu wote wakageuza shingo kuangalia Landrova. Kati ya Kinshasa na sisi hakuna barabara ya namna hiyo. Hata viti vyetu vilikuwa vimeshindwa kupita. Mbuzi mmoja akalia.

“Na uyu mbuzi,” akauliza Papa Mukuka, “ye naye alikuwa ku semineri?”

Kasonde akanitafuta kwa macho. “Mutale, baeleze basi. Weye unajua.”

Nikakumbuka maagizo yake yeye mwenyewe, dirishani, nikayatii. “Sina habari rasmi,” nikasema.

Mamlaka ya Juu akamvuta pembeni. Niliwafuata, kwa kuwa nilikuwa nimeshika mfuko wa Mamlaka ya Juu.

“Sikiliza,” akamwambia kwa sauti ya upole. “Kama uko hai, basi ulikuwa Lukafu na gari la Serikali wakati Serikali inakungojea semineri. Hiyo ni kesi, na mimi mwenyewe nitaisoma. Kama umekufa, wewe ni shujaa. Mimi nimeshalia mbele ya watu. Kinshasa imeshalia kwa telegramu. Unataka niwaandikie wakubwa kwamba walikosea kulia?”

“Lakini niko muzima, Mukubwa.”

“Hilo ni jambo lako la binafsi.”

Kasonde akakimbilia mkeka. “Annie, baambie basi. Weye njo unanijua.”

Mama Annie alikuwa amelia siku zile zote mpaka sauti ikakauka. Alimtazama taratibu, kuanzia viatu mpaka kofia. Akaitazama Landrova. Kwenye kiti cha mbele, kando ya usukani, palikuwa na kitenge cha mwanamke, kipya, kimekunjwa vizuri, na hakikuwa chake. Nikaona machozi yanakauka usoni mwake, na mahali pake pakaja kitu kingine.

“Bwana yangu alienda Kinshasa,” akasema. “Uyu anatoka Lukafu. Simujue. Miye niko mujane.” Akajifunika kanga, akageukia ukuta. Kasonde akarudi kwenye kigoda chake.

Papa Mukuka, kama mkubwa wa umri, aliuliza Baraza kwa kuwa kikao kilikuwa bado wazi. “Benye kukubali kama Citoyen Kasonde alikufwa, babaki benye kukaa. Benye kukataa, basimame.”

Hakusimama mtu. Kasonde alitaka kusimama, nilimwona, lakini Mamlaka ya Juu alimtazama, naye akakaa tena kwenye kigoda. Uamuzi ukapita bila pingamizi. Aliyekuwa wima ni mimi peke yangu, na Katibu hapigi kura.

Mahindi yalisagwa, bukari, ndiyo ugali wetu, ikapikwa, mbuzi wakachinjwa, kilio kikaisha kwa heshima. Marehemu alikula vizuri.

Robine ilitobolewa asubuhi iliyofuata. Nilikuwepo na muhuri wangu. Maji yalitoka meupe, baridi, kwa nguvu, na Brigitte alimnawisha mtoto wake uso mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walitazama tu maji yanavyotoka, kama watu waliokuwa wameambiwa uongo muda mrefu wakasahau ukweli unafanana na nini.

Komisere mpya, siku ya kwanza kazini, alitengenezesha viti. Sisemi aliagiza Kinshasa, alitengenezesha hapahapa, kwa maseremala wa kando ya barabara, na Kamati ya Samani ilipitisha mbao zao ikiwa imesimama. Bendera ilirudi ofisini. Aliniambia, “Katibu, miye sitaki kuona kiti ya muntu inaingia mu lupango yangu. Hata kigoda.” Tangu hapo, akichelewesha sahihi, Mama Chileshe hagombani naye. Anapita tu koridoni akiuliza kwa sauti nani ana viti vya kuazima, na sahihi inatoka kabla hajafika mlangoni.

Viti vilivyotengenezwa vilitosha washauri. Cha Katibu kilisahaulika. Nilipouliza, Mama Chileshe alinikumbusha ripoti yangu mwenyewe, kwamba mtu aliyesimama anapata hewa. Ninaipata.

Kuhusu marehemu, nyumba ya Golf ni ya kazi, na maiti haina kazi. Alipanga chumba Nyuma ya Reli, kwa kuwa ndiko aliko na jina. Jumapili moja nilimkuta kwenye robine na ndoo mbili, anawapita wanawake wote kwenda mbele. Mama Chileshe alikuwa pale, anachota maji ya munkoyo.

“Marehemu, mustari inaanzia kule,” akamwambia bila kugeuka.

“Mama, iyi robine si iko na jina yangu?”

“Njo maana tunaishika na heshima. Lakini bazima kwanza.”

Akarudi nyuma kabisa. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, na mstari ulikuwa mrefu. Akaweka ndoo chini, akaangalia huku, akaangalia kule.

“Hakuna hata fasi ya kukaa?”

“Biti biko mu njia,” akasema Mama Chileshe, na ndoo yake ikajaa.